Maiki ya redio koli kwenye gari inakufa mchana tu, asubuhi iko fiti. Mchawi ni maiki, waya ama redio yenyewe?

Dereva_Pakwach
Wakuu salama. Mimi naendesha watalii, maisha yangu ni mbuga ya Murchison hapa Uganda, Paraa mpaka Buligi na kurudi. Gari ni Landkruza ile ya paa la kuinua, ndani kuna redio koli ya VHF (ya kuongea na magari ya karibu) na maiki ya kushika mkononi, waya ule wa kujisokota. Asubuhi naongea na wenzangu safi kabisa, nani kaona simba, nani kakwama wapi. Ikifika saa saba hivi mchana nikibonya kitufe taa nyekundu inawaka kama kawaida, wenzangu wanaona nimeingia hewani lakini sauti hamna, ama inatoka kama ya mtu aliye ndani ya mtungi. Mimi kuwasikia nawasikia wote. Jioni inapona yenyewe bila mtu kuigusa!! Nikaazima maiki ya mwenzangu, ikapiga kazi siku mbili halafu nayo ikaanza mchezo uleule, nikairudisha kwake ikapona. Sasa anasema gari langu lina mkosi. Juzi nimeona chui juu ya mti, nikaita, nikaita, hakuna aliyesikia, wageni wake wakakosa na mpaka leo hanisalimii vizuri. Nisaidieni.

FundiWaya
Karibu. Taa nyekundu ikiwaka ina maana kitufe ni kizima, maana kitufe kazi yake ni kuugusisha waya mmoja na athi basi, redio ikiona hivyo inarusha. Kwa hiyo toa kitufe kwenye washukiwa. Amebaki kidonge cha maiki (kile kinachosikia sauti), waya wa sauti, na soketi. Mimi nikiletewa maiki kumi za gari, nyingi shida iko kwenye waya, pale shingoni unapoingia kwenye maiki ama pale unapoingia kwenye plagi. Ndani ya ule waya nyuzi ni nyembamba kama nywele, dereva anavuta maiki kila siku mpaka mlangoni akitaka kuongea huku amesimama nje, uzi unakatika ndani na nje huoni kitu. Fanya hivi, ikianza kugoma bonya kitufe, hesabu moja mbili tatu huku unaupinda waya pale shingoni, mwenzako akuambie sauti inarudi kwenye namba ngapi.

TaniboiMalaba
Vumbi hilo. Maliza uzi.

Dereva_Pakwach
@TaniboiMalaba vumbi haliwezi kwa sababu maiki nimeivalisha kaveera na raba bendi tangu ikiwa mpya

kijana_wa_Katwe
HAHAHAHA banange. Mzee umeifunga mdomo halafu unauliza kwa nini haiongei

Lori24V
Samahani wakuu mimi ni wa upande wa pili wa mpaka wa Mutukula, Tanzania, kaveera ni mdudu gani?

kijana_wa_Katwe
@Lori24V ni mfuko wa nailoni ndugu. Huku hata waziri anasema kaveera.

MamaKontrol
Msimcheke, nusu ya magari yetu yako hivyo. Mimi nakaa kwenye kiti cha kontrol, nawaita madereva kutwa nzima, na sauti ya maiki yenye kaveera naijua hata kabla dereva hajataja namba ya gari. Ile "ndani ya mtungi" ndiyo yenyewe. Mvuke wa mdomo unaingia ndani ya nailoni, unashindwa kutoka, unageuka maji pale kwenye katundu. Toa hiyo kaveera leo. Tena maiki nyingi zina katundu kamoja kadogo sana upande mmoja, ile michirizi mingine yote ni urembo, sasa dereva anaongea na urembo. Shika umbali wa vidole viwili vitatu kutoka mdomoni, ongea kwa pembeni kidogo, usipige kelele. Ukipiga kelele redio inakata vichwa vya sauti na mimi nasikia mikwaruzo tu.

Dereva_Pakwach
Asante mama. Nimetoa. Ila maiki ya mwenzangu haikuwa na kaveera na bado iligoma kwangu. Hapo ndo nachanganyikiwa.

Afande_Mstaafu
Salaam. Nimekaa mawasiliano miaka mingi. Mwanzisha uzi anasema wenzake wanaona ameingia hewani lakini hawamsikii. Mimi sikubali. Maiki ikifa huwezi kuingia hewani kabisa, sindano ya pawa haipandi hata kidogo. Angalia sindano kwanza.

FundiWaya
Afande kwa heshima, hiyo ni HF. Kwenye zile redio za masafa marefu za SSB ni kweli usemavyo, bila sauti hakuna kinachorushwa, ndo maana mnapiga mluzi kwenye maiki na kuangalia sindano ikicheza. Lakini huyu yuko VHF ya FM. FM ukibonya tu inarusha nguvu yake yote hata ukikaa kimya, wenzako wanasikia ule mchakacho unanyamaza, kimyaaa, basi. Kwa hiyo anayosema yanawezekana kabisa.

Afande_Mstaafu
Sawa fundi, nimekubali, zetu zilikuwa HF tupu. Mluzi huo nimeupiga mpaka mke wangu akawa anajua nimerudi nyumbani kwa kuusikia.

Toroli_la_Miwa
Maneno ya kubonya yamenikumbusha. Mimi niliwahi kufanya kazi kwenye shamba moja la miwa kule upande wa Jinja, matrekta yote chaneli moja. Siku moja jamaa mmoja kaweka maiki kwenye kiti akaikalia. Kitufe kimebonyeka! Amesimama barabarani anapatana bei ya ngege na mama mmoja, sisi wote tunasikiliza, kontrol anataka kuingia hawezi, hakuna anayeweza, chaneli yote ni bei ya samaki. Mama anaanza huku, jamaa anashusha, mama anamwambia hata petroli ya hiyo trekta si yako. Kesho yake sisi wote tulienda kwa yule mama na kila mtu anataka ile bei ya mwisho. Mama hakuelewa tumejuaje.

MamaKontrol
@Toroli_la_Miwa 😂😂 na ndio maana unamwambia anayeprogramu aweke kikomo cha muda, ukibonya ikifika sekunde 60 redio inakukata yenyewe na kukulilia. Redio nyingi wanazo, wanasahau tu kukiwasha. Tena wafunzeni vijana kuning'iniza maiki kwenye kile kichuma chake. Kichuma si pambo, kwenye redio nyingi kinaiambia redio kwamba maiki imewekwa ama imenyanyuliwa. Kuna dereva alifunga kichuma kwenye plastiki ya dashibodi bila waya wa athi, akawa anasikia mazungumzo ya watu wengine wote waliomo kwenye masafa yake siku nzima, akadhani redio imeingiliwa na majini.

Lori24V
Turudi kwa jamaa. Mimi naona ni umeme. Mchana unawasha ac, feni inazunguka mpaka mwisho, wageni wanachaji simu na kamera, altaneta inalia. Redio ya wati 25 ukibonya inakula kama ampia 6 au 7 papo hapo, sasa kama umeivuta kwenye ile soketi ya kuwashia sigara volti zinashuka na sauti inaharibika. Gari yangu ni ya volti 24 natumia kigeuzi cha kushusha mpaka 12, kile cha bei rahisi kilikuwa kinaingiza mlio kwenye sauti yangu, nikikanyaga mafuta wenzangu wanasikia wiiiiii unapanda, nikiachia unashuka. Nilitoa waya mbili nene moja kwa moja kutoka betri mpaka redio, fyuzi karibu na betri, nyekundu na nyeusi zote mbili, nikapona.

kijana_wa_Katwe
Lakini hasemi kuna wiiii, anasema sauti HAIPO. Umeme mbovu unaleta kelele hauondoi sauti

Lori24V
Umeme mbovu unaleta chochote kijana, hujazeeka bado.

Dereva_Pakwach
AC ya hii gari ilikufa zamani 😅 ila feni ndo usiseme, ni mwisho. Mchana kule Buligi mbung'o wanakula mtu, vioo vyote juu, ndani ni kama tanuri. Redio iko kwenye waya wake wa betri, sio soketi ya sigara.

FundiWaya
Sasa umesema neno. TANURI. Maiki unaiweka wapi?

Dereva_Pakwach
Juu ya dashibodi karibu na kioo cha mbele. Jua linaipiga tu vizuri.

FundiWaya
Haya. Risasi iliyolehemiwa vibaya ikipata joto inatanuka na kuachia, ikipoa inarudi kugusana. Nimeona sana, asubuhi nzima kifaa kizima, mchana kimekufa, fundi anakiangalia jioni anasema hakina shida anakula hela yake. Una kikapu cha barafu cha soda za wageni si ndiyo? Ikigoma chomoa maiki, itie kwenye mfuko isipate maji, iweke kwenye kikapu dakika kumi, irudishe ujaribu. Ikipona, ni joto.

TaniboiMalaba
Mnaugua. Sasa maiki inakunywa soda.

kijana_wa_Katwe
Mi nasema soketi. Maiki ya rafiki yake ilikataa kwake ikakubali kwa mwenyewe, basi maiki zote mbili ni nzima, tatizo ni gari. Soketi ya mbele ya redio zile pini ni kama nyuzi za dhahabu zimepangwa nane, maiki ikining'inia na gari inaruka kwenye murram (barabara ya changarawe) pini zinalala. Halafu kuna wale wanaochomeka plagi ya simu ya mezani ama ya intaneti wakijaribu, ndo wanaua kabisa. Chukua tochi uangalie kama zote nane ziko usawa mmoja. Plagi yenyewe isugue na kifutio cha penseli, ile raba ya shule, halafu spiriti kidogo. Usitumie msasa!!! Na ukikosa kabisa nunua maiki nyingine, mimi hapa mjini nimechukua kopi elfu 70, ya Kenwood, naichomeka kwenye Motorola inaingia pa! plagi ni moja.

FundiWaya
@kijana_wa_Katwe ya soketi nakubali nusu, hiyo ya mwisho kijana futa. Plagi kuingia si ndoa. Zinafanana kwa nje lakini kila kampuni imepanga pini zake kivyake, pini ya kitufe kwa huyu ni ya volti kwa yule. Ukibahatika haifanyi kazi, usipobahatika unaunguza.

kijana_wa_Katwe
Yangu inafanya kazi ssebo

FundiWaya
Inafanya kazi ama taa inawaka?

kijana_wa_Katwe
…taa inawaka

MamaKontrol
😂😂😂

Afande_Mstaafu
Nyongeza, na hii si ya HF tu. Vidonge viko vya aina mbili. Kuna cha sumaku na koili, hicho hakihitaji umeme, ukikigusa na mita kwenye omu utasikia kinatoa "tik" kama spika ndogo. Na kuna hiki cha kisasa kidogo kama kifungo cha shati, hicho lazima kipewe volti chache kutoka ndani ya redio, kupitia waya uleule wa sauti. Ile volti ikikosekana kidonge ni kipofu hata kikiwa kipya. Kwa hiyo Dereva, kama maiki mbili zinakufa ndani ya redio moja, funga mita kwenye ile pini ya maiki saa ya mchana uone kama volti ipo. Inawezekana ni ndani ya redio rizista imechoka, ikipata moto inaachia. Kikapu cha barafu hakitakusaidia hapo labda uiingize redio nzima.

Toroli_la_Miwa
Hamna alietaja programu. Kwetu waliprogramu upya redio zote kwenda chaneli nyembamba za kilohezi 12.5, wakasahau matrekta mawili yakabaki 25. Unaambiwa sauti zinapishana, mmoja anasikika chini kabisa mwingine anapasua. Watu walinunua maiki mpya bure.

MamaKontrol
@Toroli_la_Miwa kweli inatokea, lakini hiyo ingekuwa asubuhi mpaka usiku. Programu haijui saa saba.
Mimi nina swali lingine kwa Dereva. Antena iko wapi na imefungwaje? Na hiyo saa saba paa liko juu ama chini?

Dereva_Pakwach
Antena iko kwenye keria ya juu nyuma ya paa la kuinua, kafimbo kafupi kama nusu mita. Asubuhi paa liko juu wageni wamesimama wanapiga picha. Mchana tunashusha kwa sababu ya jua na mbung'o. Kwani paa linahusikaje na maiki??

MamaKontrol
Linahusika sana. Hako kafimbo ka nusu mita ni robo ya wimbi kwa VHF, kanataka bati chini yake liwe athi. Kama boliti za keria zimefungwa juu ya rangi ama kutu, athi haipo, basi nguvu ya redio inarudi chini inatembea kwenye gari, inapanda kwenye ule waya wa maiki na kuingia kwenye sauti yako. Matokeo ni sauti ya kukoroma, ya mtungi, ama inazimika kabisa. Paa likikaa juu mambo yanakuwa hivi, likishuka yanakuwa vile. Nimeona gari dereva akishika mlango anasikika, akiachia hasikiki! Jaribu hivi, ikigoma shusha pawa kuwa ya chini uite mtu wa karibu. Sauti ikirudi mchawi ni antena wala si maiki.

Lori24V
Mama umetisha. Hii ya kushika mlango ilinipata nikadhani ni mimi nina nguvu.

TaniboiMalaba
Mbona msitumie WhatsApp tu

Dereva_Pakwach
@TaniboiMalaba njoo Buligi na WhatsApp yako. Ama panda mbuga ya Kidepo kabisa.

TaniboiMalaba
Na leseni mnalipa? UCC (tume ya mawasiliano) wakikuta

Dereva_Pakwach
Hayo ni ya bosi, masafa yana karatasi zake. Mimi nashika usukani.

*(siku nne baadaye)*

Dereva_Pakwach
Wakuu nimerudi na ripoti, mnisome polepole.
Siku ya kwanza, kaveera nimetoa. Mtungi umeisha, sauti ikija ni safi, lakini saa saba na robo ikapotea tena. Nikazima injini, wapi. Nikapinda waya shingoni huku nahesabu kama fundi alivyosema, wenzangu wakasikia "nne" na "tisa" tu.
Siku ya pili, ikagoma saa saba kasoro. Nikaweka pawa ya chini, nikasikika! Nikafurahi nikasema mama kashinda. Baada ya nusu saa nikajaribu tena pawa ya chini, kimya.
Siku ya tatu nikaitia maiki kwenye kikapu pamoja na soda, dakika kumi, nikarudisha. IKAONGEA. Mpaka jioni.

FundiWaya
Si nilisema. Joto. Fungua maiki, chomea upya pale kidonge kinaposhikia bodi na nyuzi za waya zote, na hizo "nne" na "tisa" ni waya umekatika, kata sentimita tano za shingo uanze upya. Halafu isilale tena juani.

kijana_wa_Katwe
Ngoja ngoja ngoja. Uliitia kwenye kikapu ikiwa na waya imechomekwa kwenye redio?

Dereva_Pakwach
Hapana niliichomoa, kikapu kiko nyuma kwa wageni

kijana_wa_Katwe
EEEE! Kwa hiyo uliichomoa na kuichomeka tena. Pini zimejisugua zenyewe zikagusana. Barafu haijafanya kitu, ni soketi. Nilisema soketi.

FundiWaya
Hata maiki ya mwenzake aliichomeka upya ikapiga siku mbili…

kijana_wa_Katwe
Unaona? siku mbili za kuruka kwenye murram pini zikalala tena. Na kwa mwenzake soketi ni nzima ikapona

FundiWaya
Nilikuwa sijamaliza. Ilipiga siku mbili kwa sababu siku hizo mbili pengine hakuiweka juani. Dereva, maiki ya kuazima uliiweka wapi?

Dereva_Pakwach
Mmmh. Siku ya kwanza nadhani niliishika kwa adabu nikaining'iniza kwenye kichuma, maana ni ya mtu. Baadaye nikazoea, nikaitupa kwenye dashibodi kama yangu.

Afande_Mstaafu
Na bado hakuna aliyepima volti. Mnabishana kama kwenye kijiwe, mita moja tu inatosha.

MamaKontrol
Na ile ya pawa ya chini mmeiruka kimyakimya, nawaona.

Lori24V
Mama usikate tamaa, mimi wa umeme nimerukwa tangu juzi.

Toroli_la_Miwa
Kesho chomoa na uchomeke papo hapo bila barafu. Ikiongea ni soketi. Isipoongea ndo uipe soda.

Dereva_Pakwach
Nimefanya leo. Nimechomoa nikachomeka, ikaongea kama lisaa limoja hivi, ikafa. Nikachomoa nikachomeka tena, wapi. Nikaitia barafuni, ikaongea. Boliti za keria nimezifungua, chini yake rangi tupu na kutu, nimekwangua mpaka bati likang'aa lakini hiyo nimeifanya jioni kwa hiyo sijui kama ingesaidia mchana. Mita naazima kesho Pakwach.

FundiWaya
Lisaa limoja na jua linapiga. Mimi nimemaliza.

kijana_wa_Katwe
Lisaa limoja na murram. Hata mimi

Dereva_Pakwach
Kwa sasa maiki inasafiri ndani ya kikapu na soda, nikitaka kuita mtu naomba mgeni wa nyuma anipitishie. Mama mmoja mzee ameniuliza leo kama hiyo ni dawa ya kuumwa na mbung'o.